Tochi Kali ya Yuditha

Habari hii nimeipata kwa Yuditha mwenyewe, mpiga picha wa Machame, Jumapili iliyopita tulipotoka ibadani. Kinyongo kilikuwa bado hakijamtoka.

Anasimama mbele ya meza ya tochi, sokoni Kiboriloni, anazigeuzageuza.

"Nipe inayoishinda ya wifi yangu," anamwambia muuzaji, Aminieli.

"Ya wifi ikoje, mama?"

"Nitajuaje? Ninachosikia ni kusifiwa tu."

Wifi ni Flavia, dada wa mumewe, anayepakana naye kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Wote wawili hupiga picha za harusi na kipaimara. Umeme huku mlimani ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwenye taa nzuri ndiye anayeitwa.

"Mimi naitwa kwa nadra," anasema Yuditha. "Yeye hata kupumzika hapati."

Aminieli anamchagulia tochi pana, yenye mwanga wa kutandaa. "Hii haiumizi macho. Sura inatoka vizuri."

"Kibatari hicho? Nipe ile kali!"

Jumamosi yuko kwa Monica, anayemuaga binti yake kabla ya harusi. Monica ameshamwambia: picha zikipendeza, na harusi atapiga yeye.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, analetwa na majani yake mdomoni. Giza limeshaingia, Yuditha anawasha tochi yake kali. Mafuta ya mbuzi yanang'aa kama kioo, binti anafumba macho, shangazi anajikinga kwa kanga.

"We Yuditha, umekuja kupiga picha au kukamata wezi?"

Watu wanacheka. Flavia, mgeni tu pale, anacheka kuliko wote.

Monica anazitazama picha. "Mbuzi katoka. Mwanangu yuko wapi?" Harusi anapewa Flavia.

Usiku uleule umeme umekatika, na ng'ombe wa Flavia ana uchungu wa kuzaa.

"Wifi, njoo na hilo jua lako! Yangu haifiki mbali."

Yuditha anavaa viatu taratibu, lakini anakwenda. Anamulika. Mguu wa ndama uliokunjika unaonekana, Flavia anaunyoosha, ndama anatoka mzima.

"Hii ndiyo tochi!" anasema Flavia. "Harusini twende wote, unishikie taa."

"Nikushikie wewe? Kwenye harusi niliyonyang'anywa?"

Sasa Yuditha anapanga kurudi kwa Aminieli kuchukua ile pana, kabla ya msimu wa kipaimara. Kali itabaki ya dharura.

"Ng'ombe wake akizaa tena nitakwenda," anasema. "Ila aniite kwa adabu."

Usiku ule wa ndama alilala wa mwisho. Ng'ambo ya migomba Flavia alikuwa akimsimulia mumewe mambo ya ndafu, huku akicheka. Yuditha alikisikiliza kicheko kile mpaka kikanyamaza, ndipo naye usingizi ukamchukua.