Paa la Mama Fidele

Bazilio Nduwayezu wa Kagerankanda alikuwa fundi seremala asiye na mpinzani, na ubishi wake nao haukuwa na mpinzani. Mwaka 2013 hifadhi ndogo ya msitu upande wa Kasulu ilimpa kazi ya kubuni na kujenga banda la mbao la kupumzikia wageni. Sharti lilikuwa moja: mti uliosimama usiguswe. Atumie mininga iliyoanguka yenyewe tu.

Sasa, mininga hiyo ilikuwa imepasuka na kuliwa na mchwa; vipande vizima havikuzidi hatua tatu. Paa la vipande vifupi hivyo lingetaka nguzo katikati, na Bwana Isihaka, mkuu wa hifadhi, nguzo katikati hakuitaka. Siku tatu nzima Bazilio alichora chini kwa msumari na kufuta kwa mguu.

Siku ya nne mkewe Uwimana, msusi wa vikapu, alichoka kumtazama. Akaokota mabua manane ya mahindi, akayapanga kwa duara juu ya mawe, kila bua likiegemea bega la mwenzake, na la mwisho akalipenyeza chini ya la kwanza. Katikati pakabaki wazi. Akaweka juu yake ungo wenye unga wa muhogo, na mabua yakatulia tuli.

"Raba, Baba Fidele," alisema. "Tazama. Ni kama kufunga mdomo wa kikapu."

Bazilio akajenga hivyo hivyo. Banda likapendeza, hata wavivu wa kusifu wakasifu. Siku ya ufunguzi Uwimana alisimama mbele kabisa na kitenge chake kipya. Bwana Isihaka akauliza kwa kipaza sauti: "Fundi, wazo hili ulilitoa wapi?"

Bazilio aliwaona mafundi wenzake wakimkodolea macho. Seremala anafundishwa paa na mkewe! Wangemcheka mpaka Kibondo.

"Nililiota," akasema.

Watu wakapiga makofi. Uwimana naye akapiga, polepole, akitazama chini.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Ya Bazilio yalifika kabla makofi hayajaisha. Nyumbani mkewe hakugomba wala hakununa. Alipika, alimwitikia, alicheka na majirani. Ila kazi za fundi hakuzitazama tena. Akionyeshwa kiti au dirisha, "Ni zuri," basi. Ilimuuma Bazilio kuliko matusi. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwa ametambua kwamba jicho lile ndilo alilokuwa akilifanyia kazi.

Mwaka 2015 uvumilivu ukamshinda. Akapanda baiskeli hadi hifadhini, akamweleza Bwana Isihaka kila kitu. Bwana mkubwa akaangua kicheko.

"Fundi, unyenyekevu umekuzidi! Na jina lako tulishaliandika kwenye kibao."

Akarudi nyumbani, akamsimulia mkewe. Uwimana alikuwa akimenya muhogo. Hakuinua uso.

"Uongo uliusema nikiwa mbele yako," alisema. "Ukweli umekwenda kuusema mimi sipo."