Jeep Mbili na Bibi Arusi wa Kapata

Jumamosi, mbele ya kanisa moja la mtaa wa Kapata, niliwakuta ndugu wawili wakibishana. Wote wana jeep ya kifahari ya aina moja, ila ya mkubwa, mstaafu wa mgodi, imemzidi umri bibi arusi, binti yake. Ya mdogo, mfanyabiashara, ni ya mwaka huu. Kila mmoja alitaka yeye ndiye ambebe bibi arusi.

"Ya kwangu iko na hewa ya baridi," mdogo alisema, akipangusa boneti kwa mkono wa koti. "Mu yako, vumbi itakula robe ya arusi ya mutoto."

"Ya kwangu haiyanilalaza mu njia hata siku moja," mkubwa alijibu.

Bibi arusi alichungulia vioo vyeusi vya ile mpya. "Baba mudogo, humu bamama batanionaje?"

"Na vumbi?"

"Robe tutafua."

Akapanda ile kuukuu, akazungusha kioo mpaka chini, akatoa mkono mzima nje. Vigelegele vikalipuka.

Nilidhani mdogo atanuna. Kumbe alifunga jeep yake, akaiacha pale pale, akajibana kiti cha nyuma cha ile kuukuu, katikati ya wanawake waliopanda wakiimba.

"Mariage iko huku, arusi yenyewe!" aliniambia, jasho likimtiririka, akipiga makofi.

Tangu hapo, nikiulizwa ipi bora, ya zamani au mpya, nauliza kwanza ni ndani ya ipi watu wanaimba.