Fungu la Asiyekuwepo

Mume wangu Tajudin hakuwa mtu jasiri, na mimi niliyeishi naye ndiye ninayejua. Aliogopa mbwa, radi na mama yangu mzazi. Asubuhi alifundisha watoto Kurani, jioni akauza makufuli na nyuzi katika kibanda chetu cha Katwe, jirani na mafundi wa bati. Babu zake walikuja na misafara ya pembe kutoka pwani, wakatuachia Kiswahili chao na desturi moja ya maulidi ambayo mume wangu aliishika kuliko alivyoishika biashara: fungu la mtu halirudi chunguni. Aliyealikwa akashindwa kuja, jirani yake huitika kwa niaba yake, akapokea chakula na kumpelekea nyumbani.

Hicho Kiswahili ndicho kilichotuponza. Wanajeshi waliposhika nchi waliwafukuza madiwani waliochaguliwa, na baadaye tarafa yetu ikaletewa sajenti awe mkuu wake. Luganda, lugha ya wenyeji, hakuijua, na Kiingereza hakukipenda. Basi akakusanya wazee wanane wa kuweza kuzungumza naye, akawaambia kuanzia sasa ninyi ndio baraza. Mume wangu alirudi nyumbani amesawijika kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa. Nilimtania, nikamwita Mheshimiwa, nikamuuliza gari lake ameliegesha wapi. Hakucheka.

Walifanya kazi kwa muda mrefu bila malipo. Walisuluhisha magomvi ya mipaka, walisimamia uchimbaji wa mitaro, walizunguka nyumba kwa nyumba kutangaza amri ambazo wao wenyewe hawakuzielewa. Mkono mtupu haulambwi, na wazee walianza kunung'unika, ila kila mmoja alinung'unikia chumbani kwake. Siku moja Sajenti akawaambia wajipangie posho ya vikao.

"Semeni," alisema. "Kila muzee nataka nini? Serikali iko na mukono mrefu."

Hakuna aliyefungua kinywa. Ukitaja kubwa, umekuwa mwizi wa mali ya umma. Ukitaja ndogo, umeidharau serikali. Walikaa wakitazama sakafu mpaka aliposimama Asuman, fundi wa masufuria. Asuman alizoea kupaza sauti ishinde mlio wa nyundo, na hata penye kimya sauti yake ilikuwa ileile.

"Pesa siku hizi ni karatasi tu, sebo," alisema. "Tupe sukari. Kilo mbili kila kikao, itoke kwa magunia ya mgao wa tarafa. Na magunia yapimwe hapa, watu wanaona. Yanaingia mengi, lakini kwa watu yanafika matatu."

Sukari wakati ule haikuwa mchezo. Viwanda vilikuwa vimekufa, rafu za maduka zilikuwa tupu, na mwenye kilo moja ya kuuza kwa magendo aliweza kulisha watoto. Sajenti alicheka, akakubali kilo mbili, kisha akaweka masharti yake: asiyehudhuria hali, na atakayekosa vikao vitatu ni mtoro. Juu ya kupima magunia hakusema neno.

Wiki hiyohiyo Asuman alichukuliwa kwenye karakana yake, mchana, mbele ya wateja. Watu wawili walimwomba awasaidie kusukuma gari. Alipoinama kusukuma, wakamtia kwenye buti. Nyundo yake ilibaki chini pale alipokuwa ameiweka, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

Kwenye kikao kilichofuata karani aliita majina. Akafika kwa Asuman. Ndipo mume wangu, huyohuyo anayeogopa mbwa, akaitika, "Yupo." Sajenti alimtazama, akamwashiria karani aendelee. Wenzake sita wakafunika kombe mwanaharamu apite. Baada ya kikao mume wangu alishika njia ya uchochoroni mpaka kwa Naila, mke wa Asuman, fungu la Asuman akiwa amelificha chini ya kanzu.

Nilimgombeza sana. Nilimuuliza kama amerogwa, na kama anataka niwe mjane.

"Fungu la mtu halirudi chunguni, Faridah," alisema. "Na maadamu jina lake linaitikiwa, hawatamwita mtoro. Siku akirudi atakuta kiti chake."

Alikuwa na haki, nami nilikuwa na hofu.

Mambo yakaenda hivyo kikao baada ya kikao. Naila alidhani baraza limemwonea huruma. Sukari nyingine aliiuza akawalisha watoto, nyingine akawapa walinzi wa kambi ya jeshi walikowekwa waliokamatwa, ili wamwambie chochote. Hatimaye mmoja akamnong'oneza kwamba ndani kuna fundi mwenye sauti kubwa, bado hai, na kwamba mkuu wa tarafa akiandika kuwa mtu wake amepotea, huenda wakamwachia. Naila alivaa gomesi yake ya sikukuu, akaenda kumwomba Sajenti barua. Alimkuta katikati ya kikao, wazee wote wakiwa wamekaa.

"Bwana yako napotea?" Sajenti aliuliza kwa upole. "Hapana, nyabo. Bwana yako iko. Kila kikao anaitika, anakula sukari yake. Mutu ya kupotea nakula sukari?"

Naila aligeuka akawatazama wazee mmoja mmoja. Sajenti naye akamgeukia mume wangu.

"Mwalimu, wewe nakaa karibu na kiti yake. Asuman iko ama haiko?"

Akisema yupo, amemfungia Asuman mlango wa mwisho. Akisema hayupo, amekiri wizi wa sukari ya serikali, na watu walikuwa wakipigwa risasi kwa makosa madogo kuliko hilo. Mume wangu alisimama. Haya alinisimulia Farouk, muuza vipuri vya baiskeli aliyekaa nyuma yake.

"Hayupo, afande," alisema. "Hajakuwepo tangu walipomchukua. Niliyekuwa nikiitika ni mimi, na sukari nilipeleka mimi. Mama huyu hana kosa. Tafadhali mwandikie barua yake."

Sajenti alitikisa kichwa taratibu. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa akingoja tu.

"Basi Asuman nakosa kikao zaidi ya tatu," alisema. "Ni mutoro. Serikali haiandiki barua ya mutoro. Na wewe, Mwalimu, ni mwizi."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Naila alikimbia mpaka kwangu, akaanguka kizingitini akiomba radhi. Siku ile nilimchukia, sitaficha. Kisha nikamwinua, tukalia pamoja, maana nani mwingine angelia nasi?

Tajudin hakurudi, wala Asuman. Baada ya vikao kadhaa Farouk alikuja nyumbani na kifurushi cha kitambaa, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Posho imeongezwa, dada," alisema. "Yalikuwa yamebaki mafungu mawili. Tumegawana."

"Nani alipendekeza?"

"Hakuna. Afande aliuliza kama kuna mwenye neno. Tulinyamaza, ikapita."

"Na jina la Mwalimu liliitwa?"

"Liliitwa."

Nikangoja. Farouk alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hii ni nyongeza yangu," alisema mwishowe, akasogeza kifurushi. "Nimeona nikuletee wewe."

Ningependa kusema nilimtupia usoni. Niliipokea, nikaigawa mara mbili, nusu nikampelekea Naila. Ilikuwa sukari ya waume zetu.