Maneno ya Mtani Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Mimi sipaki rangi ya kucha. Shoga zangu hunicheka, wanadhani nimeokoka. Ukweli ni kwamba kile kichupa kikifunguliwa tu, mate yananijaa mdomoni, natafuta pa kutema. Harufu ile ile ilikuwa kwenye dawa nyekundu ya kufutia makosa ya stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, na nyumba yetu ya Mpanda, mwaka niliokuwa darasa la tano, ilinuka dawa hiyo kuanzia sebuleni mpaka kwenye ugali.

Baba alikuwa mwalimu aliyeacha kazi ili aanzishe gazeti. Miaka ile ya tisini magazeti ya Dar yalitufikia kwa treni yakiwa na siku nne, habari zimeshachacha. Baba akaona heri tuwe na letu. Akapata mashine kuukuu ya kudurufu, ya kuzungusha kwa mkono, na gazeti akaliita Kengele. Lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma. Yeye aligonga taipureta juu ya stensili, akikosea anapaka ile dawa, anapuliza, anagonga tena. Mama alizungusha mashine, mimi nikaanika kurasa kwenye kamba kama nepi. Tuliandika bei ya mpunga, mechi za shule, nani kapotelewa na ng'ombe. Nakala nyingi zilirudi, tukawashia moto. "Watu hawataki kusoma wanachokijua," Baba alilalamika, kisha ananuna wiki nzima.

Ndipo akafa mume wa Mama Kabula, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Walikuwa Wasukuma, walikuja na ng'ombe mpaka Majimoto, ndugu wakabaki huko, wao wakahamia mjini. Mama Kabula alikaanga vitumbua tangu alfajiri na kuviuza kwenye geti la shule yetu. Moshi wa kuni ulikuwa umemharibu macho, yalikuwa mekundu mwaka mzima. Kila Ijumaa alinipa bure kitumbua kilichoungua.

"Una akili wewe," Baba aliniambia. "Nenda mazishini, andika kila kitu. Nitaweka jina lako." Jina langu kwenye gazeti! Nilikwenda daftari nimelikumbatia kifuani.

Nyie mmeshazika pamoja na watani, mnajua mambo yao. Mtani wa ukoo wao, mzee mmoja aitwaye Luhende, alirukia kaburini akalala chali, hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa. Akasimama humo humo, vumbi mpaka kwenye kope, akamnyooshea mjane kidole. "Huyu anayelia ndiye kamla! Hamuoni macho? Mchawi huyu, kamla mwenzetu na mifupa yake!" Msiba mzima ulicheka. Mama Kabula naye akacheka machozi yakimtiririka, akaokota bonge la udongo akamtwanga nalo. "Bado wewe, Luhende! Wewe nitakukaanga kabisa!"

Ndivyo inavyotakiwa. Mtani husema lisilosemeka ili aliyefiwa apate kupumua, na mtani hanuniwi. Nikaandika yote, kicheko na bonge la udongo. Neno "mtani" niliandika mara tatu, maana mwalimu wetu alitufundisha kueleza nani ni nani.

Baba alisoma, akachukua kalamu. Nilisimama nyuma yake nikamwona anakata. "Mtani" wa kwanza akaenda, wa pili akaenda, wa tatu. Kicheko kikaenda. Udongo ukaenda.

"Baba, lakini alikuwa anatania."

"Najua. Gazeti halina nafasi ya maneno yote."

Nafasi! Nusu ya ukurasa wa nyuma ilibaki tupu, akachora kengele. Mbele akaandika kwa herufi kubwa: MJANE ADAIWA KUMUUA MUMEWE KWA UCHAWI. Na chini yake: Na Tausi, mwandishi wetu.

Hadi saa sita mchana nakala zilikuwa zimeisha, tukadurufu nyingine. Malori ya mpunga yakazibeba mpaka Majimoto na Kasansa, kwa watu ambao hawakuwepo mazishini. Na miaka ile mama mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, hakulala usingizi; tulishasikia ya waliokatwa mapanga. Lakini kinachonitia kinyaa hadi leo ni majirani zetu. Walikuwepo! Walisikia kwa masikio yao, wakacheka! Na bado wakaacha kununua vitumbua, wakawavuta watoto wao pembeni akipita. Ukiwauliza, wanakujibu, "Si imeandikwa?" Ptuu.

Luhende alikuja kwetu. "Mwalimu, mmefanya nini nyie? Ule ulikuwa utani! Andika kwamba ni utani, mtaniulia mtu."

"Toleo lijalo," Baba alisema.

Toleo lijalo likatoka: SHEMEJI WA MJANE WAWASILI MJINI. Nalo likaisha lote. Baba akanunua kitimoto, tukala. Nililamba vidole.

Shemeji hao wawili, ndugu wa marehemu ambao hawakuwahi mazishi, walikuwa wamekuja kutoka Majimoto na Kengele imekunjwa mfukoni, wakampa Mama Kabula siku moja awe ameondoka. Mama alinichukua tukamuage. Tulimkuta anafunga karai lake kwa kamba, shemeji wamekaa ukumbini, hatua kumi tu kutoka pale. Akanishika mkono.

"Tausi, wewe uliniona nacheka. Wanasema umeandika wewe. Njoo uwaambie, mwanangu. Wewe watakusikia."

"Baba kanikataza," nikasema.

Baba hakuwa amenikataza chochote.

Akaniachia mkono. "Haya, mwanangu," alisema, akaendelea kufunga karai. Lori lilimchukua kuelekea Sitalike, na baada ya hapo hakuna aliyejua alikofika. Kengele haikuandika habari hiyo.

Kwa miaka mingi nilimchukia Baba, na alistahili. Nikimsimulia mtu haya, hunifariji: ulikuwa mtoto, mavi ya kale hayanuki. Yananuka! Sasa nina binti wa darasa la tano. Namwona anavyombishia fundi cherehani, anavyomsahihisha mjomba wake mbele za watu bila hata kupepesa. Mtoto wa umri huo anajua lipi kweli lipi uongo, na ana mdomo wa kulisema.

Mimi pia nilikuwa nao. Wale shemeji walikuwa wazee wawili wamechoka na safari, mmoja anasinzia. Wangenisikiliza. Ila ningewaambia ukweli, wangeniuliza kwa nini jina langu liko pale juu, na nililipenda jina langu pale juu kuliko nilivyompenda Mama Kabula.