Nyama Kavu Kutoka Merti

Harufu ya mafuta ya mbuzi yakiyeyuka jikoni bado hunitia hofu. Nilikuwa bado shule ya msingi, na nyumba yetu pale Isiolo iliishi kwa kufuata mashine ya kusafisha damu. Figo za baba zilikuwa zimekufa. Jumatatu na Alhamisi alikuwa hospitalini. Siku nyingine mama alipika bila chumvi, nasi sote tukala hivyo hivyo. Chumvi ingemtia baba kiu, angekunywa maji, na mwili wake haukuwa na njia ya kuyatoa.

Jumamosi moja dada yake baba, Shangazi Halima, alishuka kwenye lori lililotoka Merti, mbali kaskazini, na mkebe wa nyirinyiri: nyama iliyoanikwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Kwetu mkebe wa namna hiyo haukataliwi.

"Wifi, ina chumvi?" mama aliuliza.

"Wallahi, sijaongeza hata punje. Nyinyi mnamlisha ndugu yangu majani kama ndama."

Baba alicheka, akala. Jumapili asubuhi akala tena.

Adhuhuri aliomba maji. Akaomba tena, kisha akajimiminia mwenyewe kutoka kwenye mtungi. Kufikia alasiri miguu yake ilikuwa imevimba hadi nilipoibonyeza kidole changu kiliacha shimo. Hakuweza kulala chali. Aliketi ameshika magoti, kifua kikitokota kama chungu. Niliogopa kumtazama, nikaogopa zaidi kugeuka nisije nikamkosa. Jirani alitubeba kwa pikapu. Hospitalini muuguzi aliuliza amekula nini.

"Nyama tu," shangazi alisema. "Chumvi niliitia siku ya kuanika, zamani. Si ilishakauka na nyama?"

Muuguzi alikimbia kuwasha mashine. Tulibaki kwenye benchi, shangazi amenishika mkono hadi ukauma, midomo yake ikitembea bila sauti.

Baba alirudi nyumbani. Leo mimi ni mtu mzima, naye bado anaenda kwenye mashine. Shangazi haleti tena mkebe. Nyama isiyo na chumvi huharibika kabla ya kufika, kwa hiyo humleta mbuzi akiwa hai, akilia njia nzima. Tunamcheka shangazi. Lakini baba akisema tu, "Nipeni maji," kicheko hukatika, na macho yetu yote hushuka kwenye miguu yake.