Siku Moja na Batalioni

Mwaka wa 1885 Traugott Lemmrich alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kapteni. Ni muda mrefu huo. Kila mwaka, kitabu cha majina ya maafisa wa Prusia kilipotoka, mkewe Ulrike alikifungua kabla hata hajamimina kahawa, akashuka na kidole ukurasani mpaka kwenye jina la mumewe. Safari hii juu yake walibaki wawili tu. Mstari wa tatu chini yake alikuwa Botho von Krassnitz, rafiki wa nyumbani, aliyezoea kula kwao kila Jumapili.

Kapteni zamu yake ikifika, ama anapewa batalioni, yaani kombania nne kwa pamoja, na kuwa meja, ama anarukwa. Aliyerukwa hafukuzwi. Anaandika mwenyewe barua ya kuomba kuondoka, maana atampigiaje saluti mtu aliyekuwa mdogo wake jana? Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini katika mji wao wa kambi, mkoani Pomerania, hakuna aliyekumbuka mtu kufanya vingine.

Na Lemmrich hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Baba yake, mwalimu wa kijiji, alimpeleka shule ya jeshi akiwa na miaka kumi na mmoja. Alilia wiki mbili, kisha akaacha. Alipofika kumi na tisa akawa luteni. Vita vya Austria alirudi mzima. Vita vya Ufaransa, walipanda mteremko mmoja mweupe usio na hata kichaka, bega kwa bega, ngoma zikipigwa, kama walivyofundishwa. Kombania yao ilianza na watu mia mbili na kumi. Jioni majina yalipoitwa, waliitika themanini na watatu. Yeye alipata risasi ya paja, na tangu hapo mvua ikikaribia aliwahi kuijua kuliko mtu yeyote pale kambini. Alioa akiwa na thelathini na sita. Binti yao, Lisbeth, alikuwa na miaka minne.

Septemba ile, kwenye mazoezi makubwa, meja wao alianguka na farasi akavunjika mtulinga. Lemmrich, kapteni wa siku nyingi kuliko wenzake wa batalioni ile, akapewa batalioni kwa siku moja. Kila mtu alielewa kwamba ndiyo siku yake ya kupimwa. Jenerali mwenyewe angekuwa kilimani anatazama.

"Mzee wangu," Krassnitz alimwambia asubuhi, akikaza mkanda wa tandiko, "leo akili iache hemani. Wapange mstari, piga ngoma, panda kilima, tukale."

"Na adui?"

"Adui ana baruti tupu. Wa kumwogopa ni yule mwenye darubini."

Lemmrich alikubali kwa kichwa. Nia yake ilikuwa kufanya hivyo hivyo. Lakini walipotoka msituni akaona mbele yao shamba la viazi, likipanda taratibu, halina hata kichaka. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha akaamuru watu walale, wasogee kwa vikundi vidogo.

"Tulale, Bwana Kapteni?" sajini Piontek aliuliza. "Kwenye matope? Vifungo tumevisugua mpaka vidole vimechubuka!"

"Lala, Piontek."

"Mke wangu angenisikia nikikataa kulala, asingeamini," sajini alinong'ona, akalala.

Robo saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Hata mwamuzi wa mazoezi, mwenye kitambaa cheupe mkononi, alisimamisha farasi atazame. Lakini sauti ya Lemmrich ilizoea watu mia mbili, na sasa walikuwa karibu elfu, wametawanyika. Tarumbeta ilipolia, kombania tatu ziliinuka zikashika kilima. Moja haikuonekana. Walikuja kuikuta kule chini katikati ya viazi, nusu yao wamesinzia, kwa kuwa walikuwa miguuni tangu saa tisa alfajiri.

"Hatukupata amri ya kuinuka, Bwana Kapteni," luteni wao alisema, majani ya viazi yakimning'inia begani. "Tulingoja."

Hakumlaumu. Asiyepewa amri afanye nini ila kungoja?

Adhuhuri maafisa walizunguka duara juu ya farasi kumsikiliza jenerali. Krassnitz, ambaye kombania yake ilikuwa ya batalioni nyingine, alikemewa: mstari wake ulikuwa umepinda kama soseji. Wenzake wakauma midomo wasicheke. Mmoja alipongezwa, mwingine akagombezwa kwa kuchelewa kuvuka daraja la mto. Lemmrich alinyoosha mgongo akingoja jina lake.

"Nawashukuru, mabwana," jenerali akasema, akageuza farasi, akaenda zake.

Krassnitz alimsogelea. "Huenda amesahau."

"Batalioni nzima ina matope mpaka kwenye masharubu. Amesahau?"

Krassnitz alitazama masikio ya farasi wake. Aliyekemewa alitarajiwa kujirekebisha, maana yake bado alikuwa na kesho.

Siku aliyorudi nyumbani, Ulrike alikuwa anamwosha Lisbeth nywele kwenye beseni.

"Jenerali amesemaje?"

"Hakusema kitu."

"Hata kukugombeza?"

"Hata."

Aliendelea kumimina maji, kiganja chake kikikinga macho ya mtoto. "Na risasi zingekuwa za kweli, Traugott?"

"Wengi wangefika juu."

"Basi wewe ndiye..."

"Ngoja, Ulrike. Kombania moja niliipoteza. Nilipaswa kumtuma mpanda farasi, mimi nikapiga kelele tu. Kosa ni langu."

Ulrike alimalizia maji ya mwisho. Alichukua taulo.

Novemba Krassnitz alikuja siku isiyo Jumapili, amevaa sare kamili. Hakuvua koti.

"Wamenipa batalioni," alisema. "Nitukane kwanza, ndipo nikae."

Lemmrich alisimama, akagonganisha visigino. "Hongera, Bwana Meja."

"Acha hayo, Traugott."

"Kaa, basi. Kahawa inapoa."

Mchana huohuo aliandika barua. Ilikuwa mistari mitatu. Aliinakili mara mbili kwa sababu ya doa la wino. Jibu lilikuja mwezi wa kwanza: ameruhusiwa kuondoka, amepewa cheo cha meja, na sare anaweza kuvaa siku za sherehe. Cheo cha jina, kisicho na hata askari mmoja.

Jumamosi iliyofuata alitoka na Ulrike kwenda sokoni, amevaa koti la kiraia lililombana makwapani. Afisa mwenye sare hakuruhusiwa kubeba furushi barabarani, kwa hiyo miaka yote ile Ulrike alibeba peke yake. Mkono wa kushoto wa Lemmrich ulikuwa ukitafuta kitara ubavuni, haukikuti, unarudi. Ulrike aliona. Alinunua kabichi mbili na samaki wa moshi, akamning'inizia mumewe kapu mkononi.

"Habari za asubuhi, Bwana Meja!" aliita mwuza samaki.

"Nzuri," akajibu. Akalihamisha kapu mkono wa pili, maana lilikuwa zito, akamwuliza mkewe kama vitunguu bado vipo nyumbani.