Kwa Nini Punda Aligoma

Mimi hufundisha chuoni, na utafiti wangu ni wa punda. Ukitaka kucheka, mke wangu alishakutangulia. Kuna mwaka nilikaa Kanyangi miezi mitatu nikimfuata punda wa mama mmoja mjane kila alipokwenda kuteka maji upande wa pili wa mto mkavu wa mchanga. Akifika ukingoni tu, anagoma. Nami naandika: amegoma. Kurasa kumi na nne za ugomaji huo zikachapishwa na jarida la ng'ambo, nikawanunulia wenzangu wote chai na mandazi.

Niliporudi kumshukuru yule mama, nilikuta amewaita kina mama wenzake wa kanisa. Walikuwa wamepanga viti, na maombi ya kufungua yalishafanywa.

"Haya daktari," akasema, "tusomee vile uliandika juu ya punda yangu."

Nikatoa simu, nikaitafuta makala. Ikaja picha ya kufuli, na chini yake bei. Nikabonyeza tena. Kufuli. Ikabidi nieleze, jasho likinitoka, kwamba jarida hufungia makala na anayetaka kusoma hulipa.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Kwani punda ni wao?"

"Hapana, mama."

"Walikuja hapa Kanyangi?"

"Hapana."

"Basi walikulipa."

"Hata senti."

Wakanitazama kama mtu aliyemsaidia mwizi kupakia mbuzi. Mmoja akasema niombewe. Nikaombewa.

Chuoni kwetu kuna mkutubi ambaye kwa miaka alikuwa akituandama tuweke kazi zetu kwenye maktaba ya mtandaoni, wazi, asome yeyote anayetaka. Nikimwona nilikuwa najificha chooni. Safari hii nilimkimbilia mimi. Akausoma mkataba niliokuwa nimeutia sahihi bila kuusoma, akakuta naruhusiwa kuweka wazi nakala yangu mwenyewe, ile ambayo jarida halijaipamba. Akaiweka.

"Dakika tano," akasema. "Na vile umeteseka kwa hicho choo."

Nikamtumia yule mama kiungo, na wiki mbili baadaye akanipigia. Walikuwa wameisoma baada ya ibada, mwalimu mstaafu akiwatafsiria kwa Kikamba.

"Daktari, umeandika punda anaogopa mchanga moto."

"Ndiyo, hilo ndilo nililogundua."

"Sio mchanga anaogopa. Ni wewe. Ulikuwa unavaa ile jaketi inang'aa kama ya polisi wa barabarani. Ukishaenda, anavuka vizuri."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni yunifomu ya kazi. Na uliniuliza maswali arobaini, hiyo hukuuliza."

Nilirudi Kanyangi na shati la kawaida. Punda akavuka mto bila hata kunitupia jicho. Nilisimama mchangani nikiwa na aibu, lakini pia, sijui kwa nini, nikiwa na furaha kubwa. Nikaandika sahihisho la nusu ukurasa, likawa wazi kwa wote tangu siku ya kwanza.

Siku hizi mimi ndiye ninayewaandama wenzangu. "Na watu wakiona makosa?" wananiuliza. Nawaambia wataona, na watapiga simu ukiwa unakula.

Wa kwanza kukubali alikuwa mwenzangu anayetafiti nzi wa maembe kule Makueni. Aliweka makala zake tatu Ijumaa. Jumatatu alifika kazini amenuna: mkulima mmoja wa mji wa Wote alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na mkulima mwenyewe alikuwa bado kwenye ukurasa wa pili wa makala ya kwanza.